Shukrani na Uchangamfu wa Nafsi: Mifano kutoka Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hii humlaumu asiye na shukrani kwa kumwumiza aliyemtendea hisani. Haigusii, hata hivyo, hasara inayompata punda mwenyewe. Makala haya yanachunguza upande huo wa pili: namna tendo la kushukuru linavyoweza kuichangamsha nafsi ya anayeshukuru.

Asili ya Neno

Neno "asante" limetokana na Kiarabu "ahsanta", yaani umetenda vyema. Kwa asili, basi, neno hili halielezi hisia za msemaji bali hutaja wema wa mtendaji. Kitenzi "shukuru", chenye asili ya Kiarabu vilevile, aghalabu huambatana na shamirisho na chagizo ya sababu: "Alimshukuru jirani kwa unga." Miongoni mwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet, neno lenye kazi hiyo ni "kongoi".

Ushahidi wa Saikolojia

Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wao. Katika jaribio moja, kundi la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuriwa. Kundi la pili liliandika karaha, na la tatu matukio yaliyowaathiri kwa jumla. Kundi la kwanza ndilo lililoyaona maisha yake kuwa mema zaidi na kuitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini zaidi.

Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na David Cregg na Jennifer Cheavens, uliochapishwa mwaka 2021, ulibainisha kwamba mazoezi haya hupunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Shukrani si badala ya tiba.

Katika Mashamba ya Chai

Mchumaji wa chai huchuma majani mawili na chipukizi, kapu likiwa mgongoni, na aghalabu ujira wake hutegemea kilo. Mvua ya mawe ikinyesha, majani huharibika. Jioni, akili yake huvutwa na hasara hiyo. Akimkumbuka mwenzake aliyemsaidia kubeba mzigo hadi kwenye mizani, hasara haifutiki, lakini haibaki peke yake mawazoni.

Je, kushukuru ni kuridhia dhiki? Mei 2023, mashine za kuchumia chai ziliteketezwa Kericho kufuatia malalamiko kwamba zinawapokonya watu ajira. Kumwambia aliyepoteza kibarua ashukuru tu ni kumnyamazisha. Hapa asili ya neno inasaidia: "asante" humdai mtendaji na wema alioutenda. Pasipo na hisani, hapana deni la shukrani. Mchumaji anaweza kumshukuru jirani kwa unga jioni, na asubuhi akaenda kuidai haki yake.

Zoezi

Kila wiki, mwanafunzi aandike sentensi tatu, kila moja ikijibu: Nani alitenda? Alitenda nini? Kilimgharimu nini?

Hitimisho

Shukrani yenye manufaa ni ile inayomtaja mtu na tendo lake. Asante isiyo na mtendaji ni neno tupu. Yenye mtendaji humkumbusha msemaji kwamba hayuko peke yake.