Kuvizia, Kushtukiza, Kuvamia: Mwongozo kwa Watangazaji na Waongoza Watalii wa Iringa na Mbeya

Mwongozo huu ni wa watangazaji wa redio za mikoani, waandishi wa habari na waongoza watalii wanaosimulia vita vya Wahehe na Wajerumani. Maneno haya matatu huchanganywa kila siku, na anayeyachanganya humbebesha kosa mtu asiye na kosa.

Chukua Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ulikuwa umeingia Uhehe ukichoma nyumba za watu. Asubuhi hiyo ulipita kwenye njia nyembamba, watu wakifuatana mmoja mmoja, silaha nzito zikiwa bado mgongoni mwa punda. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamejificha vichakani kandokando ya njia. Walipochomoka na mikuki yao, askari wengi hawakuwahi kujipanga. Zelewski aliuawa pamoja na mamia ya askari na wapagazi wake.

Hapo sema "Wahehe waliwavizia Wajerumani" au "shambulio la kuvizia". Mwenye kuvizia ametangulia kufika, amejificha, anamsubiri anayekuja. Usiseme kamwe "Wahehe waliwavamia Wajerumani". Aliyevamia ni Zelewski. Wahehe walikuwa kwao. Mwanafunzi anayelisikia kosa hilo penye mnara wa Lugalo ataondoka akiamini kwamba babu zake ndio walioanza ugomvi, na hakuna atakayemsahihisha akisharudi darasani.

Kalenga ni habari nyingine. Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alipoiendea ngome ya Mkwawa, Wahehe walijua anakuja na walimsubiri ndani ya kuta zao. Liite shambulio, na kilichofuata kiite kutekwa kwa ngome. Msikilizaji asiachwe akidhani kwamba Kalenga ilianguka kwa sababu walinzi walikuwa wamelala.

Kushtukiza hutazama upande wa anayefikiwa: hakutarajia. Anayekuja si lazima awe amejificha, ndiyo maana neno hili linafaa hata pasipo na vita, kama katika ukaguzi wa kushtukiza wa mabasi stendi ya Mbeya au ziara ya kushtukiza ya mkuu wa wilaya kwenye zahanati. Ikiwa barua ilitangulia na watumishi wamekutwa wamejipanga getini, andika "ziara" tu. Wala usiandike "ziara ya kushtukia", kwani kushtukia ni kung'amua jambo.

Kuvamia ni kuingia kwa nguvu mahali pasipo pako. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera Oktoba 1978. Majambazi huvamia duka Mwanjelwa. Neno hili lina hukumu ndani yake, kwa hiyo uangalifu unahitajika zaidi wilayani Mbarali. Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 liliingiza sehemu ya bonde la Usangu katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo wakulima na wafugaji wengi wameitwa wavamizi. Wapo walioingia baadaye. Wapo pia ambao vijiji vyao vilikuwa na usajili kabla mpaka haujasogezwa, na hao mpaka ndio uliowafuata. Kama ofisa ametamka "wavamizi", litangaze kama kauli yake, kisha uliza kijiji kilisajiliwa lini. Kwa sauti yako mwenyewe sema "wakazi", "wafugaji" au "wakulima".

Habari za mahakamani hazina nafasi ya kuchagua. Shambulio la kudhuru mwili na shambulio la aibu ni makosa mawili tofauti kisheria. Yaandike kama yalivyosomwa kwenye hati ya mashtaka. Shahidi akisema mlalamikaji aliviziwa njiani akitoka shambani, maneno hayo yaende kwenye sentensi yake, yakitaja nafasi ya aliyeyasema: shahidi wa kwanza, wa pili, au mlalamikaji mwenyewe.