Binti Yetu Anaposemwa Vibaya



Tuchukue mfano ambao waweza kutokea katika nyumba yoyote hapa Malava. Binti wa miaka 16 anapenda mno kusoma katuni. Anaziazima kwa kijana wa jirani, na moyo wake umeanza kumpenda kijana huyo. Jumamosi wanaonekana wamesimama kando ya shamba la miwa, wakicheka. Jumapili baada ya Misa, habari imekuwa kwamba walitoka ndani ya miwa. Jioni baba anafoka: "Mama watoto, ni wewe uliyemharibu!" Mama naye anazitupa katuni motoni. Hakuna aliyemwuliza binti neno.

Tufanye nini sisi wazazi?

1. Ulizeni kwanza. Katika Danieli sura ya 13, wazee wawili walimsingizia Susana kwamba walimwona chini ya mti na kijana. Watu wote waliamini, akahukumiwa kufa. Danieli aliwatenganisha wale wazee, akamwuliza kila mmoja ni mti gani. Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukajulikana. Nanyi mwulizeni aliyeleta habari: aliona mwenyewe, au aliambiwa? Kisha msikilizeni binti hadi amalize.

2. Msilaumiane. Mtoto ni wenu nyote wawili. Zungumzeni chumbani kwanza, ndipo mseme naye kwa sauti moja. Akiona mmegawanyika, atatafuta wa kumsikiliza nje ya nyumba.

3. Katuni si adui. Wengi wetu tulikua tukimcheka Juha Kalulu katika Taifa Leo. Vijana nao walipata Shujaaz, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, ikizungumzia maisha ya vijana. Someni pamoja naye. Mwulizeni: "Msichana huyu amefanya vema? Wewe ungefanyaje?" Atawaambia kupitia katuni yale anayoona haya kuyasema juu yake mwenyewe.

4. Semeni wazi juu ya mapenzi. Kumpenda mtu si dhambi. Mwelezeni mipaka, na sababu za mipaka hiyo. Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alifundisha kwamba malezi ya jinsia ni haki na wajibu wa wazazi. Na ikiwa kweli ameanguka, hata akapata mimba, asifukuzwe nyumbani. Tangu mwaka 1994 utaratibu wa serikali ya Kenya unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni.

5. Jina lake lirudishwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inakataza kuhukumu bila msingi, kusengenya na kusingizia. Namba 2487 yasema aliyeharibu sifa ya mwenzake ana wajibu wa kuitengeneza. Kuungama peke yake hakutoshi. Basi baba na mama waende pamoja, kwa upole, kwa yule aliyeeneza habari, wamwombe aseme ukweli kwa wale wale aliowaambia uongo. Na Jumapili ifuatayo, tembeeni na binti yenu katikati yenu hadi kanisani. Majirani wataelewa.

Kwa mazungumzo ya mume na mke:
(a) Mara ya mwisho tuliposikia jambo baya juu ya mtoto wetu, nani aliulizwa kwanza?
(b) Je, tunajua anachosoma, na kwa nini anakipenda?
(c) Kuna binti wa jirani ambaye sisi wenyewe tulimsema? Tutamtengenezeaje jina?