Kubadili Mafuta ya Injini ya Roketi: Somo la Kupima Faida na Hatari

Utangulizi

Wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hupenda sana habari za roketi. Hata hivyo, mara nyingi mafundisho yetu huishia katika kusifu ukubwa wa moto na kasi ya chombo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuitumia habari moja ya kweli, yaani kubadilishwa kwa mafuta ya roketi ya Redstone ya Marekani, ili kuwazoeza watoto kupima faida na hatari kabla ya kuamua.

Maelezo kwa Mwalimu

Mwalimu hana budi kuijua habari yenyewe barabara kabla ya kuingia darasani. Roketi hubeba vitu viwili: mafuta na oksijeni ya kuyaunguza. Redstone ilibeba oksijeni iliyopozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri, ikawa kiowevu. Mafuta yake ya asili yalikuwa alkoholi asilimia 75 iliyochanganywa na maji asilimia 25. Maji hayo yalipunguza joto la moto ili kuta za injini zisiyeyuke.

Marekani ilipotaka kurusha setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1, alkoholi haikutosha. Injini ya Redstone ikatengenezwa upya ili itumie Hydyne, ambayo asilimia 60 yake ni kemikali ya jamii ya haidrazini. Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 31 Januari, 1958. Hydyne ilitoa nguvu zaidi, lakini ilikuwa na sumu kali: mvuke wake hudhuru mapafu, na kiowevu chake hupenya katika ngozi.

Baadaye roketi hiyo ilitakiwa kumbeba mtu. Wahandisi wakaamua kurudi kwenye alkoholi, ingawa nguvu yake ni ndogo, kwa kuwa sumu ya Hydyne ingewahatarisha mwanaanga na mafundi. Uamuzi huo ulizaa kazi nyingine. Injini ilibidi kuwaka kwa muda mrefu zaidi, kiasi cha sekunde 140. Mabapa ya grafiti yaliyoiongoza roketi yalikaa ndani ya moto unaotoka, na sasa yangeweza kulika mno. Kwa hiyo mabapa hayo yalichaguliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko hapo awali. Hapa pana jambo la msingi: anayebadili mafuta hubadili pia muda, joto na vipuri.

Shabaha ya Somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa nini roketi hubeba oksijeni yake, (b) kutaja mabadiliko mawili yanayofuata mafuta yanapobadilishwa, (c) kutetea uamuzi wake kwa sababu.

Hatua za Somo

Hatua ya kwanza. Tuanze na lile wanalolijua watoto. Mwalimu aulize: je, jiko la mafuta ya taa laweza kutiwa petroli? Watoto watakataa kwa nguvu. Aendelee: kwa nini, na hali petroli nayo huwaka? Kutokana na majibu yao itadhihirika kwamba kila chombo hutengenezwa kwa mafuta yake.

Hatua ya pili. Mwalimu apitishe uzi ndani ya mrija, aufunge kutoka ukuta hadi ukuta, kisha abandike puto lililojazwa hewa kwenye mrija huo. Likiachiliwa, hewa hutoka nyuma na puto huenda mbele. Arudie kwa hewa kidogo, na watoto wapime umbali. Jaribio hili latosha. Twasisitiza kwamba mwalimu asichanganye kemikali wala kuwasha mafuta yoyote darasani, na awaonye watoto wasijaribu nyumbani.

Hatua ya tatu. Mwalimu achore ubaoni jedwali la safu mbili, Hydyne na alkoholi, na kila kikundi kijaze nguvu, hatari kwa watu, na mabadiliko ya injini. Vikundi vingi vitachagua alkoholi upesi. Mwalimu asiwasifu mara moja, bali aulize: basi kwa nini mwaka 1958 walichagua Hydyne? Watoto wafikiri wenyewe hadi watambue kwamba setilaiti ilihitaji kasi kubwa na haikuwa na abiria. Aongeze kwamba hata alkoholi na oksijeni huweza kulipuka. Kilicho salama zaidi hakikosi hatari.

Hatua ya nne. Mwalimu asimulie gharama ya tahadhari. Tarehe 31 Januari, 1961, Redstone ilimbeba sokwe aitwaye Ham. Injini ilisukuma kupita kiasi, oksijeni ikaisha mapema, na chombo kikapanda juu kuliko ilivyokusudiwa. Ham alirudi hai. Hata hivyo wahandisi walidai jaribio jingine lisilo na abiria, likafanyika tarehe 24 Machi. Tarehe 12 Aprili Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti akawa mtu wa kwanza kufika angani. Alan Shepard alirushwa tarehe 5 Mei, akarudi salama baada ya dakika 15. Watoto wajadili: je, Wamarekani walikosea kungoja?

Hitimisho

Swali hilo la mwisho halina jibu moja, na mwalimu asilazimishe lake. Apime iwapo mtoto ametoa sababu, si iwapo amekubaliana naye. Wahenga walisema, kawia ufike. Mtoto atakayejifunza kuuliza "Ni nani atakayeumia?" kabla ya kuuliza "Ni kipi chenye nguvu zaidi?" atakuwa amepata faida kubwa, hata kama hataiona roketi maishani mwake.