Kila Waya na Kwao: Somo Juu ya Bodi ya Stima Katika Ploti

Shabaha ya somo: Kumsaidia mwenye ploti na mpangaji kuelewa namna nyaya zinavyotakiwa kuingia na kupangwa ndani ya bodi ya stima, ili wajue cha kumwuliza fundi kabla hajalipwa.



Sisi tunaotembelea familia hapa Eldoret si mafundi wa stima. Lakini kuna jambo lililotokea katika ploti moja huko Langas lililotulazimisha kujifunza, na tumeona si vizuri kukaa nalo peke yetu.

Ploti hiyo ilikuwa na vyumba kumi na bodi moja ukutani, kila chumba na breka yake. Baadaye mwenye ploti akaongeza chumba kimoja nyuma. Fundi aliyeitwa aliingiza waya wa laivu ndani ya bodi, akaubana pamoja na ule wa breka ya chumba cha sita. Waya wa nyutro hakuufikisha kwenye bodi. Aliuunga na nyutro ya chumba cha tano, pale juu kwenye taa, kwa sababu palikuwa karibu. Taa ikawaka, akalipwa, akaenda zake.

Miezi ikapita. Kijana wa chumba cha tano akataka kubadilisha holda ya taa. Alizima breka ya chumba chake, kama inavyotakiwa. Akapanda stuli, akatenganisha nyaya nyeusi. Kumbe wakati huo taa ya chumba cha nyuma ilikuwa inawaka! Stima ilimrusha chini, akavunjika mkono. Mama yake alituuliza, “Si alizima? Sasa kosa lake ni lipi?” Kijana hakuwa na kosa.

Kwa nini alirushwa?

Tulimwomba fundi mwenye leseni afungue bodi na kutueleza. Alituambia hivi: stima huenda na kurudi. Hutoka kwa laivu, hupita kwenye taa, hurudi kwa nyutro. Mzunguko huo mmoja ndio sakiti. Stima ya chumba cha nyuma ilitoka breka ya sita, ikarudi kwa nyutro ya chumba cha tano. Kijana alipozima breka yake alizima laivu yake tu. Alipokata njia ya kurudi, waya mweusi uliotoka kwenye ile taa nyingine ulibaki na volti 240 zikitafuta pa kupita. Zikapita kwake.

Wengine watasema, “Si kuna breka?” Breka hulinda waya usiungue. Breka ya taa ya ampea 5 hungoja mpaka stima izidi ampea 5. Lakini mwanadamu anaweza kuuawa hata na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinga ya mtu ni kifaa kiitwacho RCD. Kile cha nyumbani hukata stima inapovuja kufikia miliampea 30, yaani sehemu 30 za elfu moja za ampea.

Kanuni za kukumbuka

Mafundi wa Kenya kwa muda mrefu wamefuata kanuni za Uingereza, ambazo tangu 1992 huitwa BS 7671. Kwa lugha yetu ya kawaida zinasema hivi:

1. Kila sakiti iwe na nafasi yake kwenye bodi. Sakiti mpya ipewe breka mpya. Kama bodi imejaa, nunua bodi kubwa zaidi.

2. Nyutro haiazimwi. Laivu, nyutro na waya wa ardhi wa sakiti moja zifike bodi ileile. Zipangwe kwa mpango mmoja: laivu ikiwa breka ya tatu, nyutro na ardhi yake pia ziwe za tatu kwenye pau zao.

3. Kama bodi ni ya chuma, laivu na nyutro za sakiti moja zipite tundu moja. Zikitenganishwa, chuma kilicho katikati hupata joto.

4. Tundu liwekwe mpira, ili ukingo wa chuma usichune waya. Tundu lisilotumika lizibwe.

5. Waya ulingane na breka. Kwa kawaida taa ni waya wa 1.5 na breka ya ampea 5 au 6; soketi za mstari mmoja ni waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Breka ikizima mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi. Tafuta sababu.

6. Kila breka iandikwe inakohudumia.

Na nyaya zinazopitia tu ndani ya bodi kuelekea kwingine je? Huko Marekani kanuni zao zinaruhusu, lakini kwa masharti: nyaya zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi, na bodi ibandikwe onyo la kuonyesha mahali pa kuzizimia. Sababu ni ileile: anayefungua bodi asidanganyike kwamba amezima kila kitu. Ushauri wetu kwa ploti ni kuzipitisha nje ya bodi, kwenye paipu yao.

Tufanye nini?

Mpangaji anaweza kuzima breka moja na kuona ni vyumba vipi vimekosa stima. Vikiwa viwili, mwambie mwenye ploti. Lakini nyutro iliyoazimwa haionekani kwa njia hiyo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo. Usifungue bodi wewe mwenyewe.

Mwenye ploti, mwulize fundi leseni yake ya EPRA, na umdai cheti cha kazi aliyoimaliza. Yule wa Langas alikwepa gharama ya breka moja na mita chache za waya. Mwishowe alilipa hospitali, tena akalipa fundi wa pili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Bodi ya ploti yenu imeandikwa breka zake? Nani anajua kila moja inahudumia wapi?
2. Chumba cha mwisho kuongezwa kilipewa stima kutoka wapi?
3. Wapangaji wakiona hatari, watamwendea mwenye ploti namna gani bila ugomvi?