Kumtafuta Babu Katika Karatasi za Shamba



Somo la safari hii lilianzia Shanzu, chini ya mwembe ulio kando ya makaburi ya ukoo mmoja. Familia hiyo imekaa hapo vizazi vinne. Siku moja akaja mtu na hati mkononi, akasema shamba ni lake, wahame. Wazee wakatuuliza, "Babu yetu amezikwa hapa. Hakuna karatasi hata moja iliyomtaja?"

Tulianza kwa kukosea. Tulitafuta jina la babu kama mwenye shamba, hatukuliona, tukarudi vichwa chini. Kumbe tulikuwa tunamtafuta mlango usio wake.

Hebu turudi nyuma kidogo. Ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895 mpaka uhuru wa 1963. Mwaka 1908 walitoa sheria kwamba kila anayedai ardhi ya pwani apeleke dai lake kwa mwandikishaji. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliokuwa na wakili au hati ya kadhi walifika. Lakini Wamijikenda wengi walijua shamba kwa ukoo na kwa minazi, na mzee aliyejua mpaka hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Utumwa nao ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1907 tu, mwaka mmoja kabla. Aliyeachwa huru akaendelea kulima penye shamba la bwana wake, angeandikisha nini? Kwa hivyo jina kukosekana katika madaftari yale si ushahidi kwamba mtu hakuwapo.

Basi mtafuteni babu kwa majirani. Hati za zamani za pwani, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuwa na ramani. Shamba lilielezwa kwa pande zake nne: mashariki bahari, kusini njia, kaskazini shamba la fulani. Huyo fulani huenda ndiye babu yenu! Au yumo kama shahidi wa mauzo, au kama mwenye minazi juu ya ardhi ya mwingine, kwa sababu huku kwetu mti na udongo vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Sheria ile ya 1908 yenyewe ilikuwa na hati za aina tatu: ya umiliki, ya rehani, na ya maslahi. Msiishie kwenye ile ya kwanza.

Angalieni majina sana. Kwa Wamijikenda mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Karisa Kazungu huzaa Kazungu Karisa, naye huzaa Karisa Kazungu. Mkiona jina hilo kwenye karatasi, ni babu au ni mjukuu? Ndiyo maana daftari la kikundi lianze na wazee kabla ya ofisi. Waulizeni: alioa kabla ya vita vya Giriama vya 1914, au baada? Alichukuliwa Kariakoo? Nani alikuwa jirani yake upande wa bahari? Andikeni maneno yao kama walivyosema, hata yakigongana. Na ikitokea kwamba babu aliandikwa mtumwa, msifunge daftari. Aibu si yake.

Ofisini, nendeni kwa msajili wa ardhi Mombasa mkiwa na namba ya ploti; huku kwetu huanza na herufi MN, yaani bara ya kaskazini. Sachi ya kawaida itawaonyesha mwenye shamba wa leo. Nyinyi ombeni pia kopi za hati zilizotangulia. Mafaili ya utawala wa mkoloni yako Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na gazeti rasmi la serikali limekuwa likitoka tangu 1899. Wenye asili ya Freretown, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa 1875, waanze na vitabu vya ubatizo.

Sasa neno la risiti, nalo ni zito. Familia nyingi zimeweka risiti za kodi ya ardhi ambayo babu alimlipa mwenye hati. Risiti hiyo inathibitisha kwamba alikaa hapo. Lakini pia inaonyesha alikaa kwa ruhusa, na anayedai ardhi ya mtu binafsi kwa kukaa miaka 12 hukwama hapo hapo, maana sheria inataka awe amekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Msizichome, wala msizitoe kwa mtu yeyote kabla wakili hajazisoma. Kituo cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo.

Ile familia ya Shanzu? Jirani yao alikuwa na hati kuukuu ndani ya sanduku la nguo za bibi. Mwalimu wa madrasa akaisoma polepole, sisi tumekaa kimya. Upande wa magharibi, akasema, unapakana na shamba la... akataja jina la babu. Mzee mmoja akavua kofia. Hati bado ni ya yule mtu mwingine na kesi haijaamuliwa, lakini kopi iliyothibitishwa ya karatasi ile sasa imo katika faili la wakili wao, pamoja na picha za makaburi.