Mpangaji Anapochelewesha Kodi: Haki Inadai Nini, na Huruma Inatoka Mfukoni mwa Nani?



Likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya mtaani kwetu, mama mmoja mjane alinivuta pembeni. Ana nyumba ya vyumba vitano aliyoachiwa na marehemu mumewe. Yeye na mjukuu wake wanakaa katika viwili, vitatu amepangisha. Mpangaji wa chumba kimoja, dada mwenye watoto wawili, alikuwa amefikisha miezi minne bila kulipa. "Frateri," akaniuliza, "nikimwambia atoke, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Nilimjibu haraka mno. Nilimkumbusha mtumishi asiyesamehe katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, nikamwambia avumilie. Akaitikia, "Haya, Frateri," akaenda zake. Jioni mama yangu mzazi ndiye aliyenieleza nisichokijua: yule mama alikuwa ameacha kumeza dawa za presha kwa wiki mbili, maana kodi ya chumba kile ndiyo inayonunua dawa. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimegawa msamaha mkubwa kwa fedha isiyo yangu.

Makala hii ni jaribio la kumjibu upya. Nawaandikia waamini wenye nyumba za kupangisha, na ndugu zangu mafrateri ambao kesho wataulizwa swali lilelile wakiwa wamevaa stola.

Kodi ni deni la haki

Katika maadili tunajifunza kwamba haki ni fadhila inayomfanya mtu awe na utashi thabiti wa kumpa kila mmoja kilicho chake. Ile inayotawala mapatano kati ya mtu na mtu huitwa haki ya mabadilishano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410 na 2411, inaigusa moja kwa moja: mikataba ya kuuza, ya kupanga na ya kazi ifungwe na kutimizwa kwa nia njema, na madeni yalipwe. Kupanga kumetajwa waziwazi. Basi mwenye nyumba anayedai kodi iliyopatanwa haombi hisani, wala hapaswi kuona haya kana kwamba amekosa upendo. Anadai kilicho chake.

Hata hivyo chumba si sawa na redio au baiskeli. Yoshua bin Sira, sura ya 29, anaitaja nyumba pamoja na maji, mkate na mavazi kama mahitaji ya kwanza ya maisha. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali binafsi iko chini ya haki ya watu wote kuvitumia vitu alivyoumba Mungu. Anayepangisha chumba ameshika mkononi kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho. Hilo halifuti deni, ila linabadili namna ya kulidai.

Mara nyingi mahubiri yetu yanamchora mwenye nyumba kama tajiri na mpangaji kama maskini. Katika mitaa yetu mingi wote wawili ni maskini, wamegawana ukuta mmoja. Mwenye nyumba ni mstaafu, ni mjane, ni mwalimu aliyejenga kwa mkopo miaka kumi na mbili na bado hajapiga lipu. Akikosa kodi ya mwezi mmoja, kuna mtoto anayerudishwa shuleni.

Kwa nini wanachelewa

Tuseme jambo ambalo wenye nyumba hawapendi kulisikia. Sehemu ya ucheleweshaji tunaitengeneza wenyewe. Desturi yetu mijini ni kudai kodi ya miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, kwa mkupuo. Chukua chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mama lishe anayeweka kando 2,000 kila siku, mwisho wa mwezi ana 60,000. Kodi imetimia na chenji imebaki. Lakini 300,000 za miezi sita zinamtaka aweke miezi mitano bila kugusa hata senti. Nani kati yetu ana sanduku ambalo malaria ya mtoto, msiba wa kijijini na sare za shule haviwezi kulifungua? Mtu ambaye angelipa vizuri kila mwezi anageuka mdaiwa kila baada ya miezi sita.

Najua sababu za upande wa pili. Fedha ya mkupuo ndiyo inayoezeka paa na kulipa ada, na kumfuata mtu mlangoni kila mwezi kunachosha. Ni sababu za kweli. Lakini kama mpangaji wako anaishi kwa kipato cha siku, kukubali alipe kila mwezi, au hata kila wiki kwa simu, kunaweza kukuletea fedha nyingi zaidi kuliko ukali. Na ujumbe wa muamala unabaki kuwa kumbukumbu.

Asiyeweza na asiyetaka

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasisitiza kwamba busara haiishii kwenye kanuni za jumla. Lazima ishuke hadi kwenye tukio lenyewe, na mtu mwenyewe. Hapa busara ina kazi moja kubwa: kumtofautisha mpangaji asiyeweza na asiyetaka. Bin Sira, katika sura ileile ya 29, anamfahamu huyu wa pili kana kwamba aliwahi kupangisha chumba Mbagala. Wakati wa kuomba anabusu mikono na kushusha sauti. Siku ya kulipa ikifika anaahirisha, anajibu ovyo na kulaumu nyakati. Lakini mwandishi huyohuyo anaendelea kuhimiza uvumilivu kwa mnyonge. Uzoefu wa kudanganywa haukumfunga moyo.

Utawatofautishaje? Hutajua kwa kukisia kutoka dirishani, eti jana amenunua kuku. Utajua kwa kuongea naye, na kuongea mapema. Kosa kubwa la yule mama halikuwa ukali. Alikaa kimya miezi mitatu kwa kuona aibu, huku kinyongo kikiiva, akawa anamwambia kila mtu isipokuwa mhusika. Kodi ikipita siku yake, wiki haijaisha nenda ukabishe hodi, salimiana naye, muulize kumetokea nini na anategemea kupata lini. Asiyeweza kwa kawaida atakupa jibu lenye tarehe na kiasi, hata kiwe kidogo, na atakutafuta kabla hujamtafuta. Asiyetaka atakupa hadithi isiyo na tarehe, na baada ya hapo utaanza kukuta mlango umefungwa saa ambazo taa inawaka.

Hesabu nayo inataka mapema. Deni la miezi minne kwa chumba cha 50,000 ni 200,000. Mpangaji akijikaza kulipa 20,000 kila wiki, ni kama 80,000 kwa mwezi. Toa kodi ya mwezi unaoendelea, zinabaki 30,000 za kupunguza deni la zamani, nalo litaisha baada ya karibu miezi saba. Deni la mwezi mmoja kwa mpango huohuo linaisha kabla ya miezi miwili. Ukimya unaouita uvumilivu unaweza kumfikisha mwenzako mahali asipoweza tena kulipa hata akitaka.

Mkishapatana, andikeni. Karatasi moja inatosha: majina, kiasi, tarehe za kulipa, kitakachofuata asipolipa, saini za wote wawili na shahidi. Tunaogopa maandishi kana kwamba ni tusi kwa urafiki, na hasa kati ya watu wa jumuiya moja. Kumbe maandishi ndiyo yanayolinda urafiki, kwa sababu kila mmoja anakumbuka vilevile.

Usiingie ndani

Mapatano yakivunjwa, hasira huja na bisibisi. Tumeona mitaani kwetu mlango unang'olewa mpangaji akiwa kazini, bati linatolewa mvua ikinyesha, umeme unakatwa ili watoto walale gizani, kufuli jipya linawekwa vyombo vikiwa ndani. Mwenye nyumba husema, "Nyumba ni yangu."

Soma Kumbukumbu la Torati 24, aya ya 10 na kuendelea. Anayemdai jirani yake anakatazwa kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Akiwa maskini na rehani ni vazi lake la kujifunika, lirudishwe kabla jua halijazama. Aya ya 6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Tazama kwamba Sheria haisemi deni limefutwa. Mdai anabaki mdai. Lakini kizingiti cha mlango kinabaki mpaka wa heshima ya mdaiwa. Leo jiwe la kusagia ni sufuria za mama lishe, ni cherehani, ni pikipiki ya kijana wa bodaboda. Ukizifungia ndani umemnyang'anya hata njia ya kukulipa.

Kuna sababu ya kifalsafa pia. Akwino anafundisha kwamba hukumu inayotolewa na mtu asiye na mamlaka ni hukumu potovu, hata kama anachodai ni cha kweli. Ukiwa mdai huwezi wakati huohuo kuwa hakimu na dalali wa mahakama katika kesi yako. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka notisi ya maandishi kabla ya kuvunja upangaji kwa sababu ya kodi. Anza na barua, nakala ibaki kwako. Mshirikishe mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Likishindikana lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali linasuluhisha. Baada ya hapo kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, nakubali, na inakera. Lakini mpangaji akitoka kwa njia hiyo, au kwa makubaliano, mwenye nyumba hana dhambi ya kuungama kwa kuwa tu ametaka chumba chake.

Naongeza moja linalotuhusu wanajumuiya: deni la mtu lisitajwe katika maombi ya waamini, wala kwenye kundi la simu la jumuiya. Nimewahi kusikia ombi la "ndugu zetu wasiolipa kodi" huku kila kichwa kikigeukia benchi moja.

Huruma ya nani?

Katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 21, Akwino anauliza kama huruma ya Mungu inapingana na haki yake. Anajibu kwa mfano wa fedha. Mtu anayedaiwa denari mia, akatoa mia mbili kutoka mali yake mwenyewe, hajavunja haki, amefanya zaidi ya haki. Vivyo hivyo anayesamehe kosa alilotendewa yeye. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo kwa ajili ya mtihani, na maneno yale madogo, ya kwamba ametoa katika mali yake, yalinipita.

Yule mama anaweza kusamehe, kwa sababu kodi ni yake. Anaweza kusamehe yote, nusu, au mwezi mmoja, kadiri ya hali yake, na hakuna anayeweza kumsamehea. Mimi sikuweza. Kijana anayesimamia nyumba ya wazazi wake hawezi kuwa mkarimu kwa rafiki yake huku mama anakosa chakula. Msimamizi wa mirathi hawezi, maana kodi ni ya yatima. Kamati ya uchumi ya parokia nayo haiwezi kuacha fremu za maduka za parokia zikae mwaka bila kulipiwa kwa sababu mpangaji ni mwanakwaya. Fedha hiyo ni sadaka ya watu. Kamati ikiona anastahili msaada, na ijadili, iandike katika kumbukumbu za kikao, ijulikane kuwa ni msaada. Kukaa kimya si huruma, ni uzembe.

Na kama jumuiya inataka mjane awe na huruma, jumuiya ichange. Watu ishirini wakitoa 2,500 kila mmoja, kodi ya mwezi ya dada yule imelipwa, na huruma imetoka mifukoni mwetu.

Kwa mpangaji nina neno moja tu. Ukitoa laki moja ya mchango wa harusi ili usiaibike ukumbini, huku kodi ya miezi miwili hujalipa, mwenye nyumba wako ndiye aliyechangia harusi ile.

Siku tatu baadaye nilirudi kwa yule mama nikamwomba radhi. Aliniwekea kiti, tukamwita dada, akaja akiwa amembeba mdogo mgongoni. Biashara yake ya maandazi ilikufa alipougua. Walipatana yeye ahamie kwa dada yake mwisho wa mwezi, mwezi huo usihesabiwe, na deni la 200,000 alipe 20,000 kila wiki. Nikaandika mimi, katekista akasaini kama shahidi. Alilipa wiki sita, kisha simu ikawa haipatikani. Niliporudi likizo fupi mama alinitolea karatasi ile kutoka ndani ya Biblia, akaniambia niandike chini yake kwamba 80,000 zilizobaki amesamehe, niweke na tarehe. Chumba kina mpangaji mwingine sasa, analipa kila tarehe tano. Dawa anameza.