Je, niuze duka ili niwe mcha Mungu?

SWALI: Nina duka la nafaka, na mwaka huu Mungu kanifungulia. Mwenzangu wa msikitini anasema zuhudi ya kweli, yaani kuipa dunia kisogo, ni kuuza vyote, nibaki na kanzu mbili. Ni kweli?

JIBU: Mwenzako ana nia njema, ila zuhudi kaishika mkiani. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hakuwa na kitu. Mwenyeji wake, Saad bin Rabii, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akaomba aonyeshwe soko tu, akaanza kuuza samli na jibini. Alitajirika sana, na bado yumo katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Abu Dharr naye aliishi na vichache mno, akafia Rabadha, jangwani. Mmoja tajiri, mwingine maskini, na wote wawili ni masahaba wa Mtume.

Mimi ningekuuliza jingine: daftari lako la madeni likoje? Yule mama anayekopa unga kilo mbili, unamtangazia deni lake mbele ya wateja? Mshale wa mizani unasimama kwenye sifuri kabla hujapima? Moyo wa mfanyabiashara huonekana hapo, si kwenye kanzu. (Mimi ninazo tano, navaa moja.)

Halafu zaka. Bidhaa na fedha taslimu zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa Hijria ukatimia, toa asilimia 2.5. Hesabu gunia kwa gunia kwa bei ya siku hiyo, usikadirie kwa macho.

Duka usiliuze.